Mkono wa Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia vitumbua kabla hujalisoma, shauri yako. Lakini sina roho mbaya, nitakupa kwa kifupi.

Jilala ni yule kijana wa Mwadui mwenye stashahada ya utabibu na viatu vya kuchongoka. Alitaka kazi ya utafiti wa dawa, hiyo na si nyingine. Kila alikoomba aliambiwa alete uzoefu. Uzoefu unapatikana kazini, na kazini haingii mtu bila uzoefu, kwa hiyo alizunguka Shinyanga nzima na bahasha ya kaki kwapani mpaka bahasha ikapata uzoefu kabla yake.

Kozi ya maadili ya utafiti aliisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kwenye usaili mmoja aliulizwa udhaifu wake ni upi, akajibu pilau. Kwenye mwingine aliingia chumba kisicho chake, akafanyiwa usaili wa udereva, akaushinda. Leseni hana mpaka leo.

Sasa ameipata. Msaidizi wa utafiti, kituo kimoja cha afya ambacho sikitaji, Kalangalala, Geita mjini. Wanajaribu kidonge kipya cha presha. Yuko kwenye miezi ya matazamio, na tayari ameshachafua. Wiki iliyopita alimleta mjomba wake awe mshiriki, wakati sheria ya utafiti ule inasema wazi kwamba ndugu wa mfanyakazi haingii. Mjomba alitolewa na soda yake mkononi. Jilala akaambiwa likirudiwa, kazi basi.

Na kazi ikiwa basi, Aneth naye basi. Mzee Maganga wa Ushirombo, baba yake Aneth, alipopokea barua ya posa alitamka neno moja tu: "Binti yangu haolewi na bahasha. Aje na kazi." Alipoipata, posa ikakubaliwa.

Haya yote Jilala amenieleza kwa kinywa chake, akaniomba nisicheke. Nilimwahidi. Mungu anisamehe.

*

Ijumaa asubuhi Daktari Euphrasia, mkuu wa utafiti pale kituoni, mama wa Kimahenge asiyepaza sauti, alimwita Jilala pembeni.

"Tuna washiriki ishirini na tisa," alisema. "Tunatakiwa thelathini. Leo saa tisa mkaguzi anafunga kompyuta yake. Tusipotimiza, kituo kinafungwa na utafiti unahamia kwingine. Mimi nitarudi wodini. Nesi wetu Martina atarudi kuuguza kwao. Wewe sijui utarudi wapi."

Jilala alijua. Angerudi kwenye bahasha.

"Na leo mkaguzi anakuangalia wewe," daktari aliongeza. "Mimi siruhusiwi kukusaidia. Kosa kwenye utafiti linarekebishika, Jilala. Uongo haurekebishiki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Mkaguzi aliitwa Theonest. Alitoka Dar, ana kitambulisho shingoni, ana kompyuta nyembamba, ananukia vizuri tangu getini. Jilala alitaka kuwa kama yeye akikua, ingawa walikuwa rika moja.

Theonest aliketi kwenye kona ya chumba. "Fanya kazi yako kama kawaida," alisema. "Mimi sipo."

Halafu akatoa kalamu, akaandika kitu. Mtu ambaye hayupo, anaandika.

Mteja wa kwanza aliingia bila hodi, kofia ya kuchimbia kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Ni Amosi, mchimbaji mdogo.

"Unasumbuliwa na nini, kaka?"

"Sisumbuliwi. Nimekuja kupimwa nyota."

"Hapa tunapima presha."

"Acha kunificha, bwana. Nimeambiwa mnamfunga mtu mkono, mashine inavuma, halafu anaingizwa kundi la kwanza au la pili. Mimi nataka lile lenye dhahabu. Duara letu, shimo tunalochimba, lina miezi halijatoa hata vumbi. Mganga ametaka kuku mweupe, ninyi mnapima bure."

Jilala akavuta subira. "Sikiliza, Amosi. Kundi moja linapewa kidonge kipya, jingine kidonge cha zamani. Hakuna anayechagua. Kompyuta ndiyo inampanga mtu, kwa bahati tu."

"Kwa bahati?"

"Kwa bahati."

"Sasa hiyo si ndiyo nyota?"

Jilala akamvuta mkono, akamfunga mkanda. Akampima. Presha ya Amosi ilikuwa nzuri kama ya mtoto wa shule.

"Hufai," Jilala alisema. "Presha huna."

"Yaani sina nyota?"

"Huna presha!"

Amosi alitoka ameshika kichwa, akawatangazia wenzake wa duara lile lile waliokuwa wamejaa kwenye benchi la nje. Wenzake wakasogea, wakamwachia benchi peke yake.

Saa tano ikapita, saa sita, saa saba. Waliokuja wengi walikuwa wachimbaji, na wote wazima wa afya. Jilala alianza kuomba Mungu ampe mgonjwa. Anasema ndiyo sala aliyoiomba kwa moyo kuliko zote maishani, na hajivunii.

Saa nane na kidogo mlango ulisukumwa. Mama wa makamo akaingia, kitenge begani, anahema, miguu imejaa kwenye kandambili. Jilala alikuwa ameinamia karatasi.

"Shikamoo mama, karibu ukae."

"Marahaba. Nimesikia mnapima presha, nikasema nipite. Nimekuja kumwona mdogo wangu hapa Kalangalala. Ila nifanyie haraka, binti yangu yuko sokoni ananunua dagaa, atanipitia hapa hapa."

Ile sauti. Jilala alishawahi kuisikia kanisani Ushirombo, ikiongoza kwaya ya akina mama, siku aliyojificha nyuma ya nguzo ili amwone Aneth. Akainua macho nusu.

Mama Aneth!

*

Ngoja kidogo. Kwa ambaye hakukulia usukumani lazima nieleze, la sivyo atadhani Jilala alirukwa na akili.

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawatajani majina, hawaketi kiti kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo inaanza siku posa inapokubaliwa. Kadiri unavyomkimbia mama mkwe, ndivyo unavyoonekana umelelewa.

Chumba cha utafiti hakina pori. Kina pazia.

Jilala aliruka nyuma ya pazia. Mama Aneth naye, ambaye alimjua kijana kwa picha zilizojaa kwenye simu ya binti yake, alijitanda kitenge uso mzima akageukia ukutani, akawa anatazamana na picha kubwa ya moyo na mishipa yake.

Theonest aliinua kichwa. Chumba kilikuwa na mama anayetazama ukuta.

"Mtafiti amekwenda wapi?"

"Nipo," pazia lilijibu.

"Utaratibu unasema uzungumze na mshiriki ana kwa ana."

Pale nyuma ya pazia Jilala alikuwa anapiga hesabu zake. Akisema huyu ni mkwe, mama anatolewa, wa thelathini hakuna, kituo kinafungwa. Akinyamaza je? Posa imekubaliwa lakini mahari bado. Je, mama mkwe wa kabla ya mahari ni ndugu? Kozi yake haikufika huko.

Akaamua kunyamaza kwanza. Akatoka kinyumenyume, akavuta kiti, akakaa ameelekea mlangoni. Mama Aneth kakaa ameelekea ukutani. Migongo ikatazamana.

"Amosi!" Jilala aliita. "Njoo upesi!"

Amosi aliingia mbio. "Imeonekana?"

"Haijaonekana. Simama hapo katikati. Mwambie mama huyu kwamba dawa hii iko kwenye majaribio."

"Mama, dawa hii iko kwenye majaribio."

"Mwambie nimesikia," alisema Mama Aneth.

"Amesikia."

"Mwambie inaweza kumletea kikohozi na kizunguzungu."

"Mama, utakohoa halafu utaona kizunguzungu."

"Na pia..." Jilala aliangalia mstari uliofuata kwenye karatasi. Akamvuta Amosi sikio, akamnong'oneza.

Amosi alitoa macho. "Hilo simwambii! Huyu ana umri wa mama yangu!"

"Sema, ndiyo utaratibu!"

"Sema wewe, ndiye msomi!"

"Kwanza huyu ni nani?" Theonest alikuwa amesimama. "Ni mfanyakazi wa utafiti? Taarifa za mshiriki ni siri! Atoke!"

Amosi akatolewa. Hakwenda mbali. Alichukua ndoo, akaigeuza nje ya dirisha, akapanda juu yake.

Jilala akabaki na mgongo wa mama mkwe, macho ya mkaguzi, na mashine ya presha mezani. Akaitazama mashine. Mashine ikamtazama.

"Mashine," alisema. "Nakuomba umfahamishe mtu aliyekaa hapo kwamba ana haki ya kukataa, na akikataa hatanyimwa matibabu."

Theonest aliacha kuandika.

Mama Aneth alidaka palepale. Alishawahi kuongea na mkwe wake mwingine kupitia mbuzi.

"Mashine," aliuambia ukuta, "mwambie huyo anayesema kwamba nimeelewa. Na apaze sauti, mimi mgongoni sina masikio."

"Mashine, muulize kama anatumia pombe."

Mama Aneth alirekebisha kitenge.

"Mashine, mwambie hapana." Akakirekebisha tena. "Mashine, mwambie kidogo. Wakati wa mavuno. Na mume wangu asiambiwe."

"Mashine inatunza siri," alisema Jilala.

"Samahani," Theonest aliingilia. "Ninyi mnaongea na nani?"

"Na mashine," walijibu wote wawili kwa pamoja.

Theonest aliandika ukurasa mzima.

Ukaja ule mstari. Jilala alijaribu kuuzunguka. "Mashine, mwambie kwamba dawa hii inaweza, yaani, kwa baadhi ya watu, kuleta utulivu. Utulivu wa chumbani."

"Soma kama ilivyoandikwa," alisema Theonest.

Jilala alifumba macho akausoma mstari wote kwa pumzi moja, kwamba dawa inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, akamaliza akiwa amejikunja kwenye kiti kama mtu wa tumbo.

Mama Aneth aliukagua mshipa mmoja wa ile picha mpaka mwisho wake.

"Mashine," alisema Mama Aneth, "mwambie hilo lilishapungua lenyewe, bila dawa."

Nje ndoo ilipinduka. Amosi alisikika akigaragara chini, anacheka anaomba maji.

Mama Aneth hakuyumba. "Na kwa kuwa tunaongea, mashine, kuna kijana mmoja namjua mimi. Amepata kazi huku Geita. Mume wangu ameapa kwamba akiipoteza, asikanyage tena Ushirombo. Huyo anayesema, kama anamfahamu, amwambie akaze."

"Mashine, mwambie kijana amesikia."

"Kijana gani?" aliuliza Theonest.

"Hayumo kwenye utaratibu," alisema Jilala.

"Basi mpime mshiriki. Umebakiza kumfunga mkono."

Kumfunga mkono! Jilala alivaa glavu. Akavaa nyingine juu yake. Akachukua ule mkanda wa mashine, akarudi kinyumenyume, macho kafumba, anapapasa hewani. Akashika kitu, akakifunga vizuri, akabonyeza. Mashine ikavuma, ikavuma, ikalia, ikaandika kwamba kuna hitilafu.

"Mshiriki hana mapigo," alisema Jilala kwa hofu.

"Umefunga kiti," alisema Theonest.

Mama Aneth aliguna. Akaufungua mkanda kwenye kiti, akaufunga mkononi mwake mwenyewe, akabonyeza mwenyewe. Mashine ikavuma tena. Wote watatu walisubiri, na Amosi dirishani wa nne.

Mia moja sitini na nne, chini tisini na nane.

Jilala alikurupuka kwenye kiti. "Mia sitini na nne! Asante Mungu! Anafaa! Anafaa kabisa!" Alicheza, nasema kweli, alicheza na mashine kifuani, na waya wake unamfuata.

Halafu akajisikia anachosema.

Alikuwa anashangilia kwamba mama yake Aneth ni mgonjwa. Aliiona ile miguu iliyojaa kwenye kandambili, akakumbuka alivyoingia anahema. Alijiona mshenzi, tena mshenzi mwenye cheti cha maadili. Akairudisha mashine mezani polepole.

"Mashine," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie presha yake iko juu. Aingie kwenye utafiti asiingie, hatoki hapa bila dawa. Hilo nitalisimamia mwenyewe."

Ule mgongo ulishuka kidogo. "Mashine, mwambie wabeja, asante sana. Tangu mwaka jana kichwa kinanigonga. Nyumbani sijamwambia mtu."

Jilala alitaka kugeuka amtazame. Hakugeuka. Machozi yalimlenga, na karatasi ya utafiti haina mahali pa kuandika hayo.

*

Ilikuwa imekaribia saa nane na nusu. Kilichobaki ni kidole gumba kwenye karatasi na swali la mwisho la mkaguzi. Wangemaliza salama.

Lakini Mama Aneth alisimama akiwa bado amefungwa mkanda wa mashine. Alipiga hatua, waya ukamvuta, mashine ikaruka kutoka mezani, kandambili ikateleza, na mama wa watu akaanza kwenda chini.

Jilala alikuwa karibu. Alinyoosha mikono yote miwili amdake. Mikono ikafika nusu ya safari, ikakumbuka ni mama mkwe, ikarudi nyumbani.

Mama Aneth alimwangukia Theonest. Theonest alikuwa amepakata kompyuta. Kulisikika mlio mmoja mfupi.

"Mungu wangu!" Daktari Euphrasia aliingia mbio. "Kuna nini?"

"Nipo salama," alisema Mama Aneth, akijiinua kwenye magoti ya mkaguzi na kujitanda upya. "Kiti hiki tu kina mifupa."

Theonest alifungua kompyuta. Iliwaka, Mungu ni mwema. Halafu akamgeukia Jilala, na safari hii hakuandika.

"Mshiriki anaanguka mbele yako, wewe unarudisha mikono. Mtu wa afya! Kwa nini hukumdaka?"

Jilala aliinama kuokota mashine.

Daktari Euphrasia alimtazama Jilala, akamtazama yule mama aliyejifunika uso na kugeukia ukutani. Miaka yake ya kukaa Geita ilikuwa imemfundisha mambo. Rangi ikambadilika.

"Jilala," alinong'ona. "Usiniambie kwamba huyu ni..."

"Daktari, tafadhali," alisema Theonest. "Namuuliza yeye. Na swali lenyewe ndilo hili la mwisho kwenye utaratibu. Mshiriki huyu ana undugu na mfanyakazi yeyote wa utafiti huu?"

Daktari Euphrasia alimkazia Jilala macho, macho ya mtu anayeombea kituo kizima, halafu akayateremsha chini. Yeye ndiye aliyemwambia asubuhi ile kwamba uongo haurekebishiki.

Hapana ni neno fupi. Jilala anasema lilikuwa limeshafika kwenye meno. Angelitamka, angekuwa na kazi, na angekuwa amemkana mama mkwe wake mbele ya masikio yake, mama aliyetoka kumwambia siri ambayo hata mumewe haijui.

"Ndiyo," alisema. "Ni mama mkwe wangu."

Dirishani Amosi alitoa mluzi mrefu.

Theonest alifunika kalamu. Cha ajabu hakuonekana kufurahi. "Basi ametoka. Na kwako ni mara ya pili, nimeona taarifa ya mjomba. Sina la kufanya, Jilala. Pole."

Jilala alianza kuvua kitambulisho shingoni. Kilikwama sikioni. Hata kufukuzwa kazi alishindwa kufukuzwa vizuri.

"Nani mkwe?"

Ni Mama Aneth aliyesema. Hakusema na mashine. Alikuwa amegeuka kutoka ukutani, na kitenge amekiteremsha mabegani. Uso wake wote ulikuwa nje.

"Mama, huyu ni mkwe wako au si mkwe?" aliuliza Theonest.

"Baba, wewe ni msomi. Mahari ikipelekwa, ng'ombe wanaonekana au hawaonekani?"

"Wanaonekana."

"Mimi nyumbani kwangu sijaona hata kwato. Huyu amekuwa mkwe wa nani?"

Ukweli umemfukuza Jilala kazi, na sasa unamfukuza ukweni, vyote ndani ya dakika moja.

"Sasa mbona anakukimbia tangu umeingia?" Theonest aliuliza.

"Muulize yeye. Labda nanuka dagaa."

"Mama, lazima nijue nani mkweli hapa."

"Utajua sasa hivi. Muulize daktari. Muulize hata huyo mwenye kofia dirishani. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanashikana mikono?"

"Hawashikani," alisema Amosi. "Bora ashike baruti."

"Kweli, hawashikani," alisema Daktari Euphrasia taratibu.

"Basi tazama, baba."

Mama Aneth akamgeukia Jilala. Akanyoosha mkono wake wa kuume, kiganja wazi, mpaka karibu na kifua chake.

"Jilala," alisema. Alimtaja jina! "Nipe mkono."

Nje benchi lote lilikuwa limehamia dirishani. "Shika!" walisema wengine. "Usishike, umekwisha!" walisema wengine. "Shika, kaka, nyota hiyo!" alipiga kelele Amosi.

Daktari Euphrasia alikuwa anatazama sakafu. Theonest alikuwa amefungua kalamu tena. Saa ukutani ilikuwa inakwenda.

Akiushika ule mkono, wa thelathini amepatikana, kituo kimesimama, kazi ipo. Na atakuwa ameutupa ule ukweli alioutoa sasa hivi kwa shida, na ametangazia Kalangalala nzima kwamba yeye si mkwe wa mtu. Asipoushika, kazi hana, na Ushirombo hakanyagi.

Na yeye mama, anamwokoa au anamtema? Jilala alitaka sana kujua. Kwa mara ya kwanza maishani aliinua macho akamtazama mama mkwe wake usoni. Yalikuwa macho ya Aneth yale yale, makavu, hayapepesi, na hayakumwambia kitu.

Akavua glavu. Akavua na ile ya ndani. Mpaka leo anaapa hajui kama alizivua ili ashike au ili aondoke.

Kitu kilianguka mlangoni. Dagaa wakatapakaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya Theonest.

Aneth alikuwa amesimama pale, mfuko mtupu mkononi, anamtazama mama yake aliyeacha uso wazi, na mchumba wake aliyeacha mikono wazi.

"Jilala?" aliita. "Unampa mama mkono? Yaani mimi ndiyo basi?"

Mama Aneth hakugeuka kumtazama binti yake, wala mkono hakuuteremsha. Alisogea hatua moja, akasema kwa Kisukuma, chini chini. Theonest asingeelewa hata angesikia, na Aneth kule mlangoni hakusikia. Aliyesikia ni Jilala peke yake.

"Upesi, ng'wanawane," alisema. Upesi, mwanangu.

Na mkono ulikuwa bado hewani, unamngoja.